Ugonjwa wa Moyo Haukuja na Chipsi

Baba yangu mdogo alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo huko Muheza, mkoani Tanga. Alikula ugali wa dona, mlenda, kisamvu na dagaa. Shambani alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na sigara hakuwahi kuionja. Miezi minne ya mwisho ya maisha yake alilalamika kwamba kifua kinambana kila anapopanda kilima na mzigo, na mkono wa kushoto unamfa ganzi. Akasema ni vidonda vya tumbo. Mama mdogo alipomsihi aende akapime moyo, alimjibu: "Mama Salimu, moyo ni ugonjwa wa wenye magari. Mimi nina jembe." Alifariki akiwa na miaka 53, njiani asubuhi, jembe likiwa begani.

Matangani nilisikia jibu lile lile likirudiwa na watu wenye heshima zao. Mzee mmoja, miguu ameinyoosha mkekani, alisema watu wa zamani hawakufa kwa moyo. Walikufa kwa homa, kwa uzazi, kwa uzee. Haya ya moyo, akasema, yameletwa na chipsi, soda, mafuta ya kopo na viti vya ofisini. Hakuna aliyeuliza kwa nini basi yamemchukua mtu ambaye hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Tuliitikia wote, nami nikiwemo. Leo nataka kulirudisha itikio langu, na shahidi ninayemwita ni binti wa mfalme ambaye wengi wetu hatujapata kumsikia.

Sitaki kuwadharau wazee. Maneno yao yana ukweli ndani yake, na nitaurudia mbele. Chumvi nyingi, sukari, tumbaku na kukaa kitako kutwa nzima huharibu mishipa ya damu. Hilo halina ubishi. Kosa liko katika hatua inayofuata. Mtu akishaamini kwamba ugonjwa umezaliwa na maisha ya mjini, huamini pia kwamba asiyeishi mjini amekingwa nao. Hapo ndipo maumivu ya kifua yanapopewa jina la gesi, kiungulia au mchoko, na siku zinakwenda.

Binti huyo anaitwa Ahmose-Meritamun. Aliishi zaidi ya miaka 3,500 iliyopita huko Thebes, mji wa kusini mwa Misri ambao leo ni Luxor. Baba yake alikuwa mfalme Seqenenre Tao, aliyetawala wakati Misri imegawanyika: kaskazini imeshikwa na Wahyksos, watu wenye asili ya Asia ya Magharibi, na wafalme wa Thebes wamebaki na kusini. Tao alikufa kwa silaha. Fuvu lake lina majeraha ya shoka ambayo hata asiye daktari anayaona. Ahmose, mwanawe, ndiye aliyekuja kuwafukuza Wahyksos na kuanzisha nasaba ya 18. Baba na kaka wamejaa vitabuni, lakini binti amepewa mistari michache tu. Hata jina lake analigawana na wengine. Yule Meritamun aliyekuwa kati ya wafalme na malkia 22 waliopitishwa kwa gwaride katika mitaa ya Cairo mwezi Aprili 2021 ni mwingine, malkia wa Amenhotep I.

Mwili wake ulihifadhiwa kwa namna ya Wamisri wa kale, ukawa kile tunachokiita mumia. Baada ya karne nyingi, makuhani walipoona wezi wanayavunja makaburi ya wakubwa, waliikusanya miili ya wafalme, malkia na watoto wao wakaificha pamoja katika kaburi moja la shimo huko Deir el-Bahri, chini ya majabali ya magharibi ya Thebes. Hapo ilikaa mpaka mwaka 1881, serikali ilipopata habari na kumtuma Emil Brugsch, aliyeshushwa shimoni kwa kamba. Miili ilipakiwa kwenye meli na kuteremshwa Cairo kwa Mto Nile, na wanakijiji walisimama ukingoni wakiomboleza na kupiga bunduki hewani, kama wanaosindikiza wafu wa juzi. Ahmose-Meritamun alikuwa miongoni mwa waliosafirishwa.

Alikaa jumba la makumbusho zaidi ya karne moja kabla ya kuulizwa habari za moyo wake. Mwaka 2008 daktari wa moyo kutoka Marekani, Gregory Thomas, alikuwa akitembea katika Makumbusho ya Misri mjini Cairo pamoja na mwenzake Adel Allam wa Chuo Kikuu cha Al-Azhar. Walisimama mbele ya mumia ya Farao Merneptah, aliyefariki yapata mwaka 1203 KK. Kibao kilichokuwa pale kilisema kwamba mfalme huyo alikuwa na mishipa iliyokakamaa. Thomas hakuamini. Alifikiri kama tulivyofikiri sisi matangani: mtu wa enzi zile, asiyejua sigara wala gari, ataupata wapi ugonjwa huo? Hata hivyo, wakaamua kupima.

Kipimo walichotumia ni CT scan, mashine inayopiga picha za eksirei kutoka pande nyingi na kuziunganisha zionyeshe mwili tabaka kwa tabaka. Mafuta yanapojikusanya katika ukuta wa mshipa kwa miaka mingi, mwili huweka chokaa mahali hapo. Chokaa hiyo haiozi. Katika picha huonekana nyeupe kama mfupa, imejipanga kwenye njia ya mshipa kama magadi yaliyoganda kwenye ukingo wa chungu. Daktari anayezisoma picha hizo kila siku kwa wagonjwa walio hai hahitaji kubahatisha.

Timu hiyo, iliyokuwa na madaktari wa Misri na Marekani, ilipiga picha mumia 52. Katika 44 waliweza kuiona mishipa au moyo wenyewe, na 20 kati ya hizo zilikuwa na dalili za wazi au za karibu na uhakika za mishipa kukakamaa. Hiyo ni asilimia 45. Mmoja wao alikuwa Ahmose-Meritamun. Walikadiria kwamba alifariki akiwa katika miaka ya arobaini. Kati ya mishipa mitatu mikuu inayoulisha moyo damu, miwili ilikuwa imeharibika. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2011, ikasemwa kwamba hakuna mtu wa kale zaidi yake aliyejulikana kuwa na ugonjwa huo katika mishipa ya moyo. Thomas alisema kwamba mwanamke huyo angemjia leo, angempeleka kwa daktari wa upasuaji atengenezewe njia nyingine ya damu kuukwepa mshipa ulioziba.

Picha hazikusema kilichomuua, nami sitasema. Zimesema alichokuwa nacho, na hilo linatosha kwa shauri hili. Ugonjwa ulikuwepo mwilini mwake kabla ya tumbaku kuvuka bahari kutoka Amerika, kabla ya kiwanda cha sukari, kabla ya mafuta ya kopo. Watu wa zama zake walikula mkate wa ngano na shayiri, vitunguu, mboga, matunda, samaki na nyama. Bia waliyokunywa ilitokana na nafaka hizo hizo.

Na habari hii ilikuwepo mapema. Mwaka 1852 Johann Czermak alipasua mumia ya bibi mmoja wa Misri akakuta chokaa kwenye mshipa mkuu wa damu. Mwaka 1909 S. G. Shattock aliuchunguza mshipa wa Merneptah mwenyewe na kukuta hali hiyo. Mwaka 1911 Marc Armand Ruffer, aliyefanya kazi Misri, alichapisha uchunguzi wake wa mishipa ya mumia nyingi, akasisitiza kwamba tumbaku haiwezi kulaumiwa kwa watu ambao hawakuijua. Kwa zaidi ya miaka mia moja tumekuwa tukirudia neno ambalo ushahidi wa kulipinga umelala makumbusho na maktaba.

Wamisri wenyewe waliuonaje moyo? Hapa Mswahili hatajiona mgeni. Kwao moyo ndio uliokuwa makao ya akili, kumbukumbu na dhamira. Ndivyo tunavyosema sisi: moyo wangu unaniambia, nimepiga moyo konde, ana moyo mzito. Walipouandaa mwili wa maiti walitoa mapafu, ini, tumbo na utumbo wakavihifadhi kando. Ubongo waliutoa bila kuuthamini. Moyo waliuacha kifuani, kwa sababu waliamini utawekwa kwenye mizani mbele ya miungu na kupimwa dhidi ya unyoya wa ukweli. Ndiyo maana daktari wa karne ya 21 ana kitu cha kukitazama.

Wakati huo huo, yapata zama za binti huyu, ndipo liliponakiliwa andiko refu la tiba ambalo leo linaitwa Papiri ya Ebers, kwa jina la Georg Ebers aliyelipata Luxor. Sasa limehifadhiwa Leipzig, Ujerumani. Lina sehemu nzima juu ya moyo na mishipa itokayo humo kwenda kila kiungo. Mahali pengine linamweleza mgonjwa mwenye maumivu ya mkono na ya kifua upande mmoja, na kumwonya tabibu kwamba kifo kinamkaribia mtu huyo. Wasomi wengi wameona hapo picha ya moyo uliokosa damu. Na kuna jambo lililonigusa zaidi ya yote: maelezo hayo yamewekwa chini ya maradhi ya tumbo, na neno la Kimisri la tumbo katika andiko hilo maana yake ni mdomo wa moyo. Sisi nasi mtu akitaka kutapika husema moyo unamchafuka. Mkanganyiko uliompoteza baba mdogo, wa kusikia moyo na kudhani tumbo, una umri wa miaka 3,500. Tofauti ni kwamba tabibu wa Thebes aliyasikia maumivu ya mkono na kifua akajua ni hatari.

Sasa nizijibu hoja za wanaonipinga, maana zipo na zina uzito.

Ya kwanza: huyu alikuwa binti wa mfalme. Alikula vinono, hakulima, hakubeba maji. Basi ugonjwa ni wa matajiri, wa kale au wa sasa. Ni kweli kwamba waliopata kuhifadhiwa kwa gharama kule Misri wengi walikuwa wakubwa, makuhani na watu wa ikulu, na nyama za sadaka hekaluni zilikuwa na mafuta mengi. Hoja hiyo ingesimama kama uchunguzi ungeishia Misri. Haukuishia hapo. Mwaka 2013 watafiti hao na wenzao walichapisha matokeo ya mumia 137 kutoka sehemu nne za dunia: Misri, Peru, kusini-magharibi mwa Marekani, na visiwa vya Aleutian karibu na Alaska. Wa Peru walikuwa watu wa kawaida, na 13 kati ya 51 walikuwa na ugonjwa. Wa kusini-magharibi mwa Marekani walikuwa wakulima wa mahindi, na wawili kati ya watano walikuwa nao. Wa Aleutian walikuwa wavuvi na wawindaji wa baharini wasio na mfalme wala shamba, na watatu kati ya watano walikuwa nao. Makundi hayo mawili ya mwisho ni madogo, siwezi kuyafanyia hesabu ya jumla. Lakini ukiwajumlisha wote, ni asilimia 34. Mkulima wa mahindi aliyekufa mishipa yake imekakamaa karne nyingi kabla ya soda hawezi kuambiwa alikuwa na gari.

Ya pili: huenda dawa za kuhifadhia maiti ndizo zilizoacha chokaa hiyo. Ingekuwa hivyo, chokaa ingetapakaa kwenye ngozi, kwenye misuli, popote dawa ilipogusa. Inaonekana katika kuta za mishipa, mahali pale pale inapoonekana kwa wagonjwa wa leo. Tena waliokuwa nayo walikuwa na umri mkubwa zaidi: katika mumia za Misri, wastani wa wenye ugonjwa ulikuwa miaka 45, na wa wasio nao chini ya 35. Dawa ya maiti haiulizi umri. Na miili ya Peru ilikaushwa na jangwa tu, bila ufundi wa aina hiyo.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nami ninaiheshimu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa Watsimane, watu wanaoishi katika misitu ya Bolivia kwa kulima, kuvua na kuwinda. Walipimwa 705, wenye umri wa miaka 40 hadi 94. Asilimia 85 hawakuwa na chembe ya chokaa katika mishipa ya moyo. Hakuna jamii iliyowahi kupimwa ikakutwa na mioyo safi kiasi hicho. Basi, watasema, wazee walikuwa sahihi: maisha ya shamba ni kinga.

Nasema walikuwa sahihi nusu. Watsimane wanathibitisha kwamba jinsi tunavyoishi huchelewesha au huharakisha ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa mno, na yeyote anayewaambia watu chakula na mwendo havina maana anawapoteza. Lakini asilimia 15 iliyobaki walikuwa na dalili, na wao hawana chipsi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupunguza hatari na kuifuta. Mwavuli hupunguza kulowa. Haubadilishi ukweli kwamba mvua inanyesha, na haimnyeshei tajiri peke yake.

Na watu wa kale walikuwa na mambo mengine yanayoichokoza mishipa, ambayo hatuna haki ya kuyaita ya kigeni. Watafiti wametaja moshi wa kuni katika nyumba zisizopitisha hewa. Wametaja chumvi ya kuhifadhia samaki na nyama. Wametaja urithi wa familia. Wametaja pia maambukizi ya muda mrefu, maana mwili unaopigana na vimelea mwaka hadi mwaka huishi katika uvimbe wa ndani, na uvimbe huo unaweza kuumiza kuta za mishipa. Wamisri wa kale waliugua malaria na kichocho. Ruffer huyo huyo aliyakuta mayai ya kichocho katika figo za mumia. Moshi wa kuni, samaki wa chumvi, malaria, kichocho: nikiisoma orodha hiyo naona Muheza, naona kando ya Ziwa Victoria yanakoanza maji ya Nile, naona jiko la mama mdogo. Watsimane nao wana vimelea vingi na mioyo yao imesalimika, kwa hiyo sidai kwamba jambo hili limeshafungwa. Ninachokataa ni kauli kwamba kijiji ni dawa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa, pamoja na kiharusi, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo aliye na jembe hufa nao kama aliye na gari, tena mara nyingi hufika hospitali amechelewa, au hafiki. Na kuna lawama inayoandamana na imani ile. Mjane anaulizwa alikuwa anampikia nini mumewe. Kijana wa mjini aliyeugua anaambiwa amejitakia. Ahmose-Meritamun hakujitakia. Alikula walichokula watu wa kwao, akaishi walivyoishi, na ugonjwa ukamwingia kimya kimya, kama presha inavyoingia kwa jirani yetu leo bila kubisha hodi.

Nikisimama tena matangani sitaitikia. Nitamwambia mzee yule, kwa adabu, kwamba nasaha zake nazipokea kwa mikono miwili na ugali wa dona tuule wala tusiuache, lakini kifua kikibana mtu akipanda kilima, mkono ukifa ganzi, jasho jembamba likamtoka bila kazi, aende akapimwe siku hiyo hiyo. Na asiye na dalili yoyote apime presha na sukari, hata kama hajawahi kukanyaga ofisini, kwa sababu presha haina ishara.

Salimu, mtoto wa kwanza wa baba mdogo, ana shamba lile lile. Mwaka jana nilimsimulia habari za binti wa Tao tukiwa tunapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Naye alikuwa na miaka arobaini na kitu?" Wiki iliyofuata alikwenda zahanati. Ana miaka 38, na presha yake ilikuwa juu. Sasa anameza kidonge kila asubuhi kabla ya kubeba jembe, na mama mdogo humngoja mlangoni mpaka ameze maji.